Siku Niliyodhani Ni Msaragambo

Harufu ya tangawizi mbichi, ile inayopanda puani ukiikwangua udongo kwa ukucha, ndiyo harufu ya mwaka niliokuwa darasa la sita kule Myamba, kwenye milima ya Upare. Msimu wa kuvuna, kijiji kizima kilinukia hivyo, nguo, vitanda, hata madaftari. Ndio msimu alioondoka mama. Alikalishwa mbele kwenye lori la tangawizi, miguu imevimba hadi viatu vimegoma, akateremshwa hadi hospitali ya mjini Same, na baba akafuatana naye. Mimi nikaachwa na shangazi Nakijwa, dada yake baba, mwanamke wa maneno machache. Tangawizi yetu ilibaki ardhini. Kila nilipouliza habari za mama, shangazi alijibu kwamba anaendelea vizuri, kisha akanituma maji.

Mwalimu Mshana alitufundisha Kiingereza kwa kutupanga mstari. Aliita watoto watatu mbele ya darasa: wa kwanza alikuwa hisia, wa mwisho alikuwa mtu, na wa katikati alikuwa lile neno dogo la kuwaunganisha. Afraid, of, him. Angry, with, her. Proud, of, them. Kila mmoja alipaza neno lake, na aliyekosea alirudi kukaa. Mimi nilikuwa mfupi, nikawekwa katikati, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana kila hisia ilidai neno lake dogo na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Hofu ilitaka of, hasira ikataka with, huruma ikataka for. Nyumbani nikisema namwogopa nimemaliza, mimi na hofu yangu na yeye tumo ndani ya neno moja. Kwa Kiingereza tulisimama mbalimbali, nami nikapiga kelele katikati bila kuhisi lolote. Nilikariri nikichota maji, nikakariri nikimenya ndizi, mpaka shangazi akaniuliza kama nimerogwa.

Nilikuwa na sababu. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba watatu watakaoshika vizuri watateremka Same kushindana na shule nyingine. Wenzangu waliwaza soda. Mimi niliwaza kitanda cha mama tu, kwa kuwa nauli ya kumpeleka mtoto kutazama mgonjwa haikuwepo na hakuna mtu mzima aliyeona umuhimu wake. Nilijiambia nikishindwa sitamwona. Sikushindwa.

Tuliteremka alfajiri. Kufika Maore tukavua masweta, joto la tambarare likatupokea, na njia nzima hadi Same nilikuwa napanga la kumwambia mama. Ukumbini tulisimama watatu, tukapaza, watu wakapiga makofi. Mara tu baada ya hapo nikamshika mwalimu mkono.

“Mwalimu, hospitali ni wapi? Nataka kumwona mama.”

Alitoka nje kupiga simu. Aliporudi hakunitazama. Alininunulia soda peke yangu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtoto yeyote.

“Mama yako ameruhusiwa,” alisema. “Wamempeleka nyumbani leo asubuhi. Twende, utamkuta huko.”

Kwetu mtu haambiwi msiba njiani. Huambiwa mgonjwa ana nafuu, akapakiwa kwenye gari, akafikishwa kwanza penye mikono ya kumshika. Nilikuwa naijua desturi hiyo, nilishaona watu wazima wakifanyiwa. Haikunijia kabisa kwamba inaweza kufanyiwa mtoto mwenye soda mkononi. Nilifurahi mno, nikalala usingizi hadi tukaanza kupanda milima.

Kwenye kona ya kuingilia kwetu niliona wanaume wengi wamebeba majembe, wanashuka kuelekea nyumbani. Wanawake walifuata na masufuria na kuni kichwani. Upareni picha hiyo haihitaji maelezo. Ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, pembe imepulizwa, kila nyumba imetoa mtu, iwe mfereji umeziba au barabara imebomoka. Moyo ulinijaa.

“Mwalimu, wamekuja kutuvunia tangawizi! Kwa sababu mama amerudi!”

Mwalimu Mshana alinishika bega. Nilimponyoka nikakimbia. Nilipita shambani kwanza nikaona tangawizi yetu imesimama vilevile, majani yamekauka, hakuna hata shina lililong’olewa. Majembe mengine yalikuwa yameegemezwa chini ya migomba, yana udongo mwekundu wa chini sana, ambao tangawizi haiufikii. Baba alikuwa amekaa uani kwenye benchi lililoletwa kutoka kanisani. Shangazi Nakijwa alinikumbatia kwa nguvu na kusema, “Pole, mwanangu. Mama hayupo.”

Sikulia. Niliwaamkia wazee waliokaa pale, shikamoo, shikamoo, mmoja baada ya mwingine, wakaitikia. Maneno ya mwalimu yalikuwa bado yanapita kichwani yenyewe. Angry with. Sorry for. Yalifika kwenye neno dogo yakaishia hapo, mahali pa mtu hapakuwa na mtu. Kesho yake tulipozika nilisimama kati ya baba na shangazi, nikatazama majembe yakirudisha udongo, nikawa najua kwamba ninapaswa kuhisi kitu. Walisema mtoto huyu ana moyo mgumu. Wiki iliyofuata kweli wakapuliza pembe, wakaja kutuvunia tangawizi.

Siku hizi naishi Same na ninapokea wageni kwenye hoteli ya watalii. Kutwa nzima ni sorry about that, happy for you, na sijikwai. Ni Kiingereza kilekile cha watoto watatu, na bado natamka hisia nyingi kuliko ninazohisi. Mwanangu wa kike anasoma shule ya Kiingereza, hakupangwa mstari na mtu, anaongea tu.

Mwezi uliopita nilimpeleka Myamba. Pale pale kwenye kona tulikutana na wanaume wenye majembe, nikasimamisha gari kama ninavyosimamisha kila mara, nikateremsha kioo.

“Shikamooni. Mnakwenda wapi?”

“Marahaba, mama. Msaragambo tu, mfereji umeziba.”

Walipita wote, nami mikono bado iko kwenye usukani. Mwanangu alinitazama.

“Mama, are you afraid of them?”

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba watu wale siwaogopi. Ninayaogopa majembe. Halafu nikalia, mbele ya mtoto, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na yeye akanishika mkono bila kuuliza ninamlilia nani.