Posa ya Nusu Bei

Rehani Kibwana alikuwa mtu mkubwa mjini Morogoro kwa miaka kumi na minne, na ukubwa wake wote ulining'inia kwenye funguo za stoo ya kiwanda. Miaka ile sabuni ilipoadimika na sukari kugawiwa kwa vibali, wazee wenye mvi walimwamkia shikamoo kijana huyo bila haya, naye alijibu bila kuinua macho: "Hakuna." Ukiuliza mara ya pili, umemtukana.

Kisha mambo yakafunguliwa. Sabuni zikajaa hadi kwenye mikokoteni, kiwanda kikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akagundua kwamba kiwanda kinakwenda vizuri zaidi kikiwa hakina wafanyakazi. Rehani akapewa kiinua mgongo kidogo, barua yenye muhuri na pole ya mdomo. Mtu mwingine angenuna. Rehani wetu alinunua robota la mitumba, akatandika turubai sokoni, na baada ya miezi mitatu alikuwa mhubiri wa soko huria. "Siku hizi mteja anabembelezwa, jamani! Zile enzi za kunyenyekea zimekwisha!" Hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Ukimwuliza kama shati lake lina saizi nyingine, alikujibu, "Umeona nyingine hapo?"

Sasa huyu Rehani alikuwa na mtoto, Hafidhi, na Hafidhi alikuwa amempenda Chausiku, binti wa Kinole, kule mlimani kwenye migomba na mananasi. Mnajua mambo ya Waluguru: baba wa binti anaweza kuitikia mpaka koo likauke, mjomba asiposema neno hakuna harusi. Mjomba wa Chausiku aliitwa Mzee Pazi, na neno hilo alikuwa amelikalia kwa mwaka mzima. Mwishowe akatuma salamu: "Nitashuka Jumamosi. Nile kwenu, niione nyumba, ndipo nijibu."

Mke wa Rehani, Raya, aliposikia hivyo alianza kuchagua mchele. Rehani akamzuia.

"Weka ungo chini, Mama Hafidhi. Jumamosi tunakula hotelini."

"Hotelini? Mjomba mtu kasema anakuja kula kwetu!"

"Kwetu ni popote ninapolipa mimi."

Kumbe wiki ile mahoteli matatu ya mjini yalikuwa yameungana kuwakumbuka wananchi. Kitambaa kilitandazwa juu ya barabara: Wiki ya Mlo Kamili, Awamu Tatu, Nusu Bei. Maana yake unakaa, unaletewa supu, halafu chakula chenyewe, halafu kitamu, bila kuchagua chochote, kwa nusu ya bei ambayo hakuna mtu wa mtaani kwetu aliyewahi kuilipa nzima. Ni lazima uandikishe meza, na meza ni yako kwa saa moja na robo. Rehani aliandikisha siku ya kwanza kabisa, akiwa amevaa tai.

"Mgeni wa posa," Raya alisema, "unampeleka akalishwe na watu baki."

"Wewe mwanamke, nchi imebadilika."

"Nchi sawa. Tumbo la mzee nalo limebadilika?"

Jumamosi saa saba kamili Rehani, Raya na mgeni wao walikuwa wamekaa. Mzee Pazi alikuwa ameshuka tangu alfajiri, kanzu safi, kofia ya mkono, na hakuwa ametia kitu kinywani njiani kwa sababu mtu anayekwenda kula kwa watu hafiki ameshiba. Rehani alimkaribisha kwa sauti ya kusikika meza zote.

"Jisikie nyumbani, mkwe wangu!"

"Mkwe bado," alisema Mzee Pazi.

Akaja dada wa kuhudumia, Joyce, nguo zimepigwa pasi mpaka zinakata. Kawapa shikamoo zao vizuri, kawawekea supu ya maboga iliyosagwa ikawa laini kama uji wa mtoto. Mzee Pazi aliitazama. "Boga hili lilifanya kosa gani?" aliuliza, lakini akachukua kijiko.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua, ila hotelini hawakufundishwa. Mgeni wa heshima hali kama mtu aliyetoka jela. Anaonja kidogo, anaweka kijiko, anasema, "Tumeshukuru, tumeshiba." Hajashiba. Ndiyo kwanza anaanza. Mwenyeji anatakiwa alalamike, aape, amsingizie mpishi kwamba atalia. Mgeni anakula tena, anakataa tena. Kukataa kwa tatu ndiko kwa kweli.

Mzee Pazi alikunywa vijiko vitatu, akaweka kijiko. "Tumeshukuru. Tumeshiba."

Rehani alivuta pumzi ili aanze kulalamika. Kabla hajaimaliza, mkono mweupe wa shati ulipita mbele ya pua yake na bakuli likaondoka.

"Asante, mzee," alisema Joyce kwa tabasamu. "Tunaleta awamu ya pili."

Raya alimtazama mumewe. Rehani alitazama maua ya plastiki.

Awamu ya pili ilikuwa robo kuku, chipsi, na kachumbari iliyopangwa kama inapigwa picha. Mzee Pazi alimega paja kidogo, akatafuna taratibu, akaweka uma. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuacha kulelewa kwa sababu ana njaa.

"Tumeshiba, bwana."

Sahani ikapaa.

"We binti!" Rehani alinyanyuka. "Mrudishie mzee kuku wake!"

"Baba, si amesema ameshiba?"

"Akisema ameshiba usimsikilize!"

"Tumefundishwa tusibishane na mteja, baba. Na ikishaingia jikoni hairudi."

Wale wa meza ya jirani, watu wa ofisini, waliacha kutafuna. Mzee Pazi alikunja mikono yake, akasema polepole, kwa upole ule ambao ni mbaya kuliko kelele:

"Rehani, kumbe nyumba yako mtu akisema ameshiba mara moja mnaamini. Chausiku wetu ana aibu kuliko mimi. Huyo kwenu atakonda, mtadhani ni umbo lake."

Akaanza kuitafuta fimbo yake.

Hapo ndipo Rehani Kibwana alipoona harusi ya mwanawe inaondoka na fimbo. Mtu ambaye hajawahi kumwambia mtu "tafadhali" mara mbili tangu apate funguo alisukuma sahani yake mwenyewe, haijaguswa, akaiweka mbele ya mzee kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, nakuomba. Kula."

"Nimeshiba."

"Hujashiba! Nakuapia, ukiinuka hapa mimi silali. Mama Hafidhi naye atalia, mwangalie!"

Raya, ambaye hakuwa na dalili yoyote ya kulia, alijifuta macho haraka kwa kitambaa cha hoteli.

Mzee Pazi akamega tena. Joyce akarudi mbio. "Baba, samahani. Kwenye ofa hii mlo ni wa mtu mmoja mmoja. Kuchangia sahani hairuhusiwi."

"Andika mimi nimekufa," alisema Rehani. "Huyu ndiye mrithi."

Meza ya jirani ikacheka, na mzee mwenyewe akaficha mdomo. Akala, akakataa mara ya pili, Rehani akambembeleza tena kwa sauti iliyopasuka, tai imeingia kwenye kachumbari. Kuku akabaki mfupa. Kisha mzee akamgeukia Raya.

"Mama Hafidhi, hiki kimenifungua tu njaa. Nilisema nitakula kwenu. Nyumbani kuna nini?"

"Ungo wa mchele niliokatazwa, na kuku anatembea uani."

"Basi asitembee tena."

Wakainuka. Joyce akawakimbilia mlangoni na awamu ya tatu: kipande cha nanasi chembamba chenye kijiti katikati. Mzee Pazi wa Kinole akakigeuza upande huu na ule, akamrudishia. "Mpe pole nanasi wetu," alisema. "Anaonekana aliumwa sana njiani."

Kwa Raya alikula kwenye mkeka, akakataa mara tatu kama inavyotakiwa, na ya tatu aliisema huku akiegemea ukuta kwa sababu tumbo lilikuwa halimruhusu kukaa wima. Akanawa mikono.

"Mwambieni Hafidhi alete posa. Chausiku ni wenu."

Rehani akaruka kumshika mkono. "Mkwe! Na shughuli ya harusi, mimi nilikuwa nafikiria tuongee na ile hoteli, maana..."

"Chakula," alisema Mzee Pazi, akimtazama Raya, "atapanga huyu mama. Wewe utakuwa mlangoni unawabembeleza watu waingie. Umeanza kujua."