Robo ya Mzunguko

Mume wangu wanamwita Kaza. Wasiomjua hudhani ni kwa ajili ya mkono wa birika, lakini si kweli, yule bwana anaweza kukupa shati alilovaa akarudi nyumbani kifua wazi. Anaitwa Kaza kwa sababu ni fundi baiskeli, na nati aliyoifunga yeye huifungui bila kumwita mama yako.

Tunafanya kazi baraza moja. Kushoto kuna cherehani yangu, nashona sare za shule. Kulia ndiko kwake: stendi ya kutundikia baiskeli, meza yenye jiliwa ya kubania vyuma, na spana ukutani zimepangwa kwa ukubwa, kila moja imechorewa umbo lake kwa kalamu ili ikikosekana ijulikane. Katikati nilichora mstari wa chaki mwaka ule tuliooana, maana grisi na kitambaa cheupe havina undugu. Ameuvuka mara elfu, nami nimemfokea mara elfu. Hayo ndiyo mapenzi yetu, kama mtu anataka kujua.

Ukazaji wake una chanzo. Alipokuwa bado anajifunza kazi aliacha nati ya gurudumu la mbele imelegea kwenye baiskeli ya muuza mikate. Yule mtu alishuka mteremko, gurudumu likamtangulia, akapoteza meno sita na jicho moja. Hakumlaumu fundi hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Tangu siku hiyo Kaza anakaza mpaka chuma kilie. Akimaliza anachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, anapiga kamstari kutoka kwenye nati mpaka kwenye fremu. Mstari ukikatika, ujue nati imesogea. Rangi zangu zote zimeishia kwenye baiskeli za watu, kucha zangu mwaka wa ishirini na sita huu hazijapata kitu.

Lakini alikuwa na desturi nyingine iliyomwokoa na hiyo ya kwanza. Hakumrudishia mtu baiskeli kabla ya kuipanda mwenyewe hadi kule juu kwenye tangi la maji na kurudi. Njiani ndiko alikogundua alipokaza mno: usukani mzito, breki inakwaruza. Akirudi analegeza kidogo, anafuta mstari wa kwanza, anachora mwingine. Basi kazi yake ilikuwa nzuri, watu walitoka mbali kumletea.

Halafu nyonga ikaanza. Mwanzoni tulisema ni baridi, kisha tukasema ni uzee, ingawa hakuwa na uzee wowote. Daktari alitundika picha kwenye taa akatuonyesha kichwa cha mfupa wa paja kinavyokufa taratibu kwa kukosa damu. Alisema mguu utaendelea kugoma mpaka siku moja usikunjike kabisa, pengine mwaka, pengine chini ya hapo, na foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu kuliko muda huo. Alisema kwa upole, na mimi nilimchukia kwa ule upole wake.

Kaza hakuweza tena kuinua mguu kuvusha siti. Akawa anatengeneza baiskeli za watu bila kuzipanda, na kwa kuwa hakuwa na njia ya kuzijaribu, alikaza zaidi. Kile kilichokuwa kinamrekebisha kule njiani kilikuwa kimeondoka. Nililiona hilo kwa macho yangu na sikulielewa, niliona tu mishipa inamtoka shingoni nikamwambia apunguze, atavunja spana.

Jioni moja tunafunga baraza aliniambia neno ambalo hakulirudia tena.

"Nataka nipande mpaka kwenye tangi mara moja tu kabla huu mguu haujafunga. Mara zote nilizopanda sikujua ipi itakuwa ya mwisho. Hii nataka niijue nikiwa juu yake."

Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, lakini siku hiyo nilichukua ufagio nikafagia nyuzi zangu.

Mdogo wake, shemeji yangu dereva wa lori, ndiye aliyeleta ile siti. Aliitoa kwa mtu mwenye baiskeli ya milimani iliyovunjika fremu. Sikuwahi kuona kitu cha namna ile. Nguzo yake ni bomba ndani ya bomba, na ndani yake kuna hewa iliyoshindiliwa. Kwenye usukani kuna kiwiko kidogo cha kubonyeza kwa kidole gumba, na waya unapita ndani ya fremu mpaka chini ya siti. Ukibonyeza ukakalia, siti inashuka. Ukibonyeza ukainuka, inapanda yenyewe inakufuata. Wenyewe wanaitumia kwenye miteremko mikali, lakini Kaza aliiangalia akaona nyonga yake. Siti ikiwa chini, angeweza kupitisha mguu. Ikipanda juu, goti halitapanda sana na mguu utaweza kuzungusha pedeli. Alihitaji yote mawili, kushuka na kupanda, moja peke yake halimfai.

Shemeji akiwa anaondoka alisema yule mtu ametuma salamu kwamba siti hiyo haipendi kubanwa sana. Kaza hata hakuinua kichwa. Alijibu kwamba siti isiyobanwa ni jeneza, na sote watatu tukacheka.

Mezani ile siti ilifanya kazi kama uchawi. Aliishika mkononi, akabonyeza, ikapanda na kusema tok ilipofika juu. Akaisukuma, ikashuka. Aliniita nivuke mstari wa chaki nije kuona, mimi ambaye humkataza yeye. Akaifunga kwenye baiskeli yake ya zamani, akakaza ile pete inayoishika siti kwenye shingo ya fremu, chuma kikalia, akapiga kamstari kake kekundu. Akabonyeza. Siti ikashuka kwa kinyongo, ikakaa huko huko chini.

Basi tukaanza. Kwanza alisema ni waya umelegea, akauvuta. Haikupanda. Akasema ameuvuta mno, akaulegeza, ikawa hata kushuka haishuki. Akautoa waya wote, akauosha kwa mafuta ya taa, akaurudisha, akatumia siku nzima kuuvusha kwenye kona ndani ya fremu kwa kutumia uzi wangu wa cherehani. Wiki ya pili akakigeukia kiwiko, wiki ya tatu hewa. Alitafuta pampu ya kujaza hewa yenye kipimo, akajaza, akapunguza, akajaza tena. Wiki ya tano aliifungua kabisa, mafuta mekundu yakaruka yakatua kwenye mashati kumi na mawili ya watoto wa darasa la kwanza. Nilipiga kelele mpaka muuza maji akaja kuuliza nani amekufa.

Na kila alipoitoa akaiweka mezani ilipanda na kushuka bila tatizo. Mkononi inafanya kazi, kwenye baiskeli inagoma. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Alisema basi ni waya unabanwa ndani ya fremu. Mimi nikasema kinyozi hajinyoi, nikarudi kwenye mashati yangu. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeushika ukweli mkononi nikaufanya utani.

Mguu nao haukuwa unamsubiri. Mwezi wa kwanza alikuwa anachuchumaa kwa kujishika mezani. Mwezi wa tatu nilikuwa namvalisha soksi. Aliacha kunieleza anachojaribu, na usiponiambia unachofanya mimi najua umekata tamaa, kwa sababu huyu mtu alikuwa anazungumza hata na mnyororo.

Siku aliyoanguka ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, nami nilikuwa napima mtoto mabega. Sikumwona akiitoa baiskeli. Siti ilikuwa imegoma chini, naye alifikiri pengine njiani ikitikiswa na mashimo itazinduka. Aliivusha nyonga, aliweza kwa kuwa siti ilikuwa chini, akaanza kuzungusha. Alifika kwenye duka la fundi viatu. Siti ya chini ililazimisha goti lipande mpaka karibu na kifua, na ile nyonga haikuwa na nafasi hiyo tena. Fundi viatu anasema alimwona akibonyeza kile kiwiko, akibonyeza, akibonyeza, huku anajiinua kidogo kuisubiri siti imfuate. Haikumfuata. Akaangukia upande ule ule.

Fundi viatu na muuza maji ndio waliombeba. Daktari safari hii hakutundika picha. Alisema kichwa cha mfupa kimeporomoka, mguu hautakunjika tena, tushukuru kama atatembea kwa magongo. Kuhusu baiskeli Kaza hakuuliza. Nilikuwa namtazama mdomo nikisubiri aulize, hakuuliza.

Siku ya nne, yeye amelala ndani, nilitoka barazani nikaiona ile baiskeli imeegemezwa pale na siti yake imeinamia chini. Hasira ilinipanda. Nilisema leo nakitoa hiki kidude nakitupa jalalani. Nikachukua ile spana ndogo iliyopinda, nikaiingiza kwenye bolti ya ile pete, nikaning'inia nayo kwa uzito wangu wote. Bolti ikalia, ikaachia, ikazunguka robo tu. Nilijishikilia kwenye usukani nisianguke, na kidole kikabonyeza kiwiko.

Siti ikapanda. Ilipanda taratibu na kwa adabu, ikafika juu ikasema tok.

Nilisimama pale. Nikaisukuma chini, nikabonyeza, ikapanda tena. Ile pete ilikuwa imelikaba bomba la nje mpaka la ndani halina pa kupita. Hakuna kitu kingine kilichokuwa kibovu, si waya, si hewa, si kiwiko. Ilikuwa mikono ya mume wangu, mikono ile ile ninayoijua. Nililia kwa kujiziba mdomo na shati la mtoto wa watu, asisikie.

Kisha nikaishusha siti, nikaikaza ile bolti kama alivyokuwa ameikaza yeye, kwa mikono miwili na mguu mmoja ukutani. Niliamua afe na imani kwamba kitu chenyewe kilikuwa kibovu. Nimemwambia ukweli maisha yetu yote, hata pale ambapo haukuhitajika, na hapa nikaona nina haki ya uongo mmoja.

Wiki mbili baadaye alitoka na magongo kwa mara ya kwanza. Alizitazama spana zake ukutani, akaitazama jiliwa, mwisho akaiendea baiskeli. Aliinama kadiri alivyoweza. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani huku sindano haina uzi. Mstari wake mwekundu ulikuwa umekatika, kipande cha kwenye bolti na kipande cha kwenye pete vimepishana kwa unene wa unywele. Sikuwa nimeufikiria ule mstari.

"Ulizungusha kiasi gani?" aliniuliza.

Ningeweza kusema sijagusa. Lakini alikuwa ananiangalia.

"Robo."

"Ikapanda?"

"Ikapanda."

Alivuka mstari wa chaki akakaa kwenye kigoda wanachokalia wateja wangu. Sikumfokea. Aliyalaza magongo mapajani, mguu mmoja umenyooka mbele yake. Kisha akaniomba nimpe ile spana. Aliilegeza bolti mwenyewe, kidogo kidogo, akibonyeza na kusikiliza, mpaka akapata pale ambapo siti inapanda yote na bado haichezi. Alifuta mstari wa zamani kwa kucha yake.

Akaniomba rangi. Nilikuwa nimenunua chupa mpya. Akachora mstari mwingine, mwembamba, umenyooka. Akaipuliza ikauke kama anavyofanya siku zote, akanirudishia chupa, akasema nimtafute mtu wa kuipanda mpaka kwenye tangi, maana yeye haruhusu baiskeli itoke hapa bila kujaribiwa.