Jiwe la Kilimani Ndani ya Kiatu

Nilitoka Burundi kwa miguu hadi kambi ya wakimbizi Kigoma, nikahamia Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikafika Stockholm, kwa dada yangu mkubwa, Consolata, aliyekuwa akiishi kitongoji cha Norsborg. Kote huko nilibeba jiwe dogo mfukoni. Ni la kilima cha kijijini kwetu, penye kanisa la kale la wamisionari, ambako mahujaji hupanda kila Agosti kwa Bikira Maria. Asiyeweza kupanda peku huweka jiwe kiatuni, ili naye aumie.

Nilikuwa mzima, nikifanya kazi ya usafi. Kisha nikaanza kunywa maji kama ng'ombe na kukojoa kila saa. Nyayo zikawa kama zimevishwa pamba. Nikalaumu baridi.

Agosti moja sisi Warundi tulitembea kuhiji kwenye kanisa la mawe nje ya mji. Nikaweka lile jiwe kiatuni. Njia nzima sikuumia hata kidogo! Nikawatangazia wenzangu kwamba Bikira amenibebea maumivu. Kina mama wakapiga vigelegele.

Siku ya nne baada ya hija Consolata akaziba pua. "Mdogo wangu, umeficha panya chumbani?"

Nilipovua kiatu, soksi ilikuwa imegandamana na usaha. Chini ya vidole palikuwa na shimo jeusi, na bado sikusikia kitu.

Hospitalini daktari alisema, dada akinitafsiria: "Una kisukari. Mishipa ya fahamu ya miguu imeharibika. Huko kutoumia ndiyo dalili yenyewe. Huenda tukaukata mguu."

Nililia. Kwa mguu ule nilitaka kukipanda tena kilima chetu.

Walikata vidole viwili tu. Majuma mengi dada alinisafisha kidonda. "Muujiza wako unanuka," alinitania. Siku muuguzi aliposema nyama mpya imeota, nilitaka kumkumbatia.

Namshukuru Mungu, dada na madaktari. Nawe hujaji mwenzangu, ukiwa na kiu isiyokatika, kapime sukari. Kagua nyayo kila siku. Usipoumia, usikimbilie kushangilia.

Siku niliyoondoka Stockholm kurudi kuishi kijijini kwetu, Consolata alinizuia mlangoni. Akaingiza mkono ndani ya viatu vyangu, kimoja kimoja, hadi nchani.

"Jiwe liko wapi?"

"Mfukoni."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Ndipo akaniruhusu kuvaa.