Editha Aliyeukwepa Mpira

Enzi zetu kule Keza mpira haukununuliwa. Tulikusanya matambara, tukayakaza kwa kamba za mgomba mpaka yakawa magumu. Aliyefunga vibaya aliumbuka siku hiyohiyo, maana mpira ulifumuka katikati ya mchezo na wote tukamgeukia. Mchezo wenyewe ni rede. Wenzangu mnaujua: wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa. Ukiguswa, umetoka. Tuliucheza tukiwa tumetumwa kuamia ndege kwenye mtama, mikono imepata moto kwa kuwatupia madongoa, vidole vinanukia viazi vya kuchoma. Mama akija na kutukuta mchezoni alisema, "Naona ndege wameshiba. Na ninyi jioni mle huo mpira."

Nilipoolewa huku Nyamiaga nikazaa, binti yangu Editha nilimfundisha rede mimi mwenyewe, hapahapa uani. Watoto wa sasa ukiwatajia rede wanaitafuta kwenye simu. Hata shikamoo wanaitoa macho yakiwa kwenye simu, sijui wanaamkia simu au wananiamkia mimi. Editha alikuwa anakwepa kama mjusi, kaka zake wakachoka kumlenga.

Akaenda sekondari ya bweni Dar es Salaam, huko ndiko alikokutana na kriketi. Mimi sikuijua. Alipokuja likizo akanieleza: unashika gongo bapa, nyuma yako kuna vijiti vitatu, mwenzako anarusha mpira mgumu kama jiwe, na wewe unavilinda vile vijiti mpira usiviguse. Siku yake ya kwanza mpira ulipokuja, Editha akafanya nilivyomfunza. Akaukwepa, tena vizuri kabisa. Kugeuka nyuma, vijiti viko chini, na wenzake nao wako chini wanacheka.

"Mama," aliniambia, "mimi nilikuwa nangoja wanisifu!"

Hata hivyo hakuuacha mchezo. Akajifunza kusimama mbele ya mpira, kazi ambayo mimi nisingeiweza. Wakamwita timu ya taifa, akacheza miaka, akapanda ndege kwenda nchi ambazo mimi nazisikia redioni. Mwisho goti likamtoa uwanjani, akasomea ukocha, akarudi nyumbani kufundisha wasichana wa huku.

Walianza kuja, kisha wakapungua. Mama zao waliwazuia: Jumamosi ni ya kulima, na ule mpira utawang'oa meno. Editha akaniambia, "Mama, nangoja mpaka kahawa ivunwe. Wasipokuja, narudi Dar." Niliendelea kuchambua maharage, ila nilikuwa natupa mazima pamoja na mabovu.

Asubuhi nikachukua fimbo yangu nikaenda kwa jirani yetu Leokadia. Mabinti zake wawili ndio walioacha kwanza, wengine wakafuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Watoto wako wapi?"

"Shambani. Bibi, usinilaumu. Editha mwenyewe karudi anachechemea. Wangu wakiharibika magoti, nani atawaoa?"

"Leokadia, hili goti langu limekufa kwa jembe. Na bado niliolewa. Na kwa kulima huko, ulisikia nani kanipigia makofi?"

Alicheka mpaka akashika mlango. "Bibi, una maneno wewe!"

"Sina maneno, nina goti. Jumamosi walime asubuhi, jua likipinda waje uwanjani. Na mwanaume atakayewakataa kwa sababu wanakimbia, mwambie akaoe mgomba."

Jumamosi wakaja, na wa majirani nyuma yao. Kahawa imevunwa, imeanikwa, imeuzwa, na Editha hajagusa sanduku lake.

Mimi nakaa kwenye kigoda pembeni nawasema. Jua kidogo wanalalamika. Wanataka maji ya chupa, wanataka viatu. Sisi tulikimbia peku kwenye visiki na hatukumwambia mtu kwamba tumejikwaa, maana ungeongezewa kiboko.

Lakini kuna jambo linaniuma nikiwatazama. Wale ni wasichana wakubwa, wamekwisha kuota maziwa, na bado wanacheza. Sisi hatukuacha kwa kuchoka. Siku moja uliambiwa umekua, ukakabidhiwa jembe, na kesho yake uliwasikia wadogo zako wakipiga kelele kule, wewe umeinama shambani. Hakuna aliyekuuliza kama ulikuwa umemaliza.

Jana binti mkubwa wa Leokadia aliupiga mpira ukaenda mpaka kwenye migomba. Mama yake alikuwa anapita na kikapu kichwani. Akasimama, akakishika kwa mkono mmoja, akapaza sauti, "Kimbia! Kimbia wewe!"

Nimekaa nikafikiri sana. Watu wazima wa enzi zetu walitupenda, walitulisha, walitufunza adabu ambayo hawa hawana. Ila simkumbuki hata mmoja aliyewahi kutuambia tukimbie.