Kichane cha Molekuli

Sijamsamehe mwalimu wangu wa chuo, na wala sina haraka. Miaka miwili nilishinda kwenye maabara yake nikirusha molekuli zilizoshikana, zenye chaji, zigonge bamba la dhahabu, nikipima elektroni zinazoruka kutoka kwenye bamba hilo. Sisi wa Muleba tumekulia migombani, kwa hiyo daftarini kundi la molekuli nililiita kichane, kama cha ndizi, na kila molekuli nikaiita kidole.

Nilipougua nikarudi nyumbani, daftari likabaki kwake. Akakiambia chuo sijapima chochote, nikafutwa. Mama akaamini nimefeli, akaacha hata kunitaja kwa majirani. Hilo ndilo lililonichoma.

Mwaka huu nikasikia anakuja Bukoba kuwaeleza walimu wa sekondari ugunduzi wake. Nikamchukua mama, tukaenda ukumbini Bilele, tukakaa mstari wa mbele kabisa. Mwalimu akaonyesha jedwali. Lilikuwa langu, neno kwa neno: safu moja "kwa kichane", nyingine "kwa kidole".

Nikanyoosha mkono, nikamuuliza kwa adabu zote kidole ni nini.

"Ni ile pini inayopokea elektroni," akajibu, mkavu kabisa.

Watu wakaguna. Mama hajui elektroni wala nini, ila akasema kwa sauti iliyofika nyuma, "Waitu, ndugu zangu, huyu hajawahi kukata ndizi."

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikasimama. Nikaeleza kwamba vidole saba vikiligonga bamba vikiwa kichane kimoja, vinatoa elektroni chache kuliko vikija kimoja kimoja kwa kasi ile ile, na kwamba ndiyo maana niligawanya kwa saba kupata safu ya pili. Nikamwomba aonyeshe pini yake iko wapi kwenye mtambo. Akanywa maji. Mama alikuwa ananitazama mimi, si yeye, na machozi yakanilenga.

Baadaye mwalimu alinifuata nje, shati limelowa jasho. Akaniita binti yangu, akaniomba tuyamalize wenyewe, chuo kisijue, kwani amebakiza muda mfupi astaafu kwa heshima.

Nilimwacha aombe mpaka amalize. Kisha nikamwambia barua ya kwenda chuoni nimeshaipeleka posta asubuhi, kabla sijaja kumsikiliza.