Mdogo wangu anaamini baba alimwona akishinda

Admin, jina langu lifiche, maana Karatu ni mji mdogo na ndugu zangu wengi wamo humu ndani. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tisa, fundi wa magari ya watalii. Nina hasira iliyonikaa kifuani tangu miaka ile ya elfu mbili.

Mdogo wangu alikuwa mwanariadha. Baba alikuwa mkulima huko juu kwenye vilima, na hakuwahi kumwona akishindana kwa sababu mbio zake zote zilikuwa Ulaya. Macho ya baba yalikuwa yanaharibika kwa presha ya macho, na daktari alishatuambia miezi michache tu ataona giza. Kwa hiyo mdogo wangu alipopiga simu kwamba marathoni yake ya Jumapili itaonyeshwa kwenye televisheni, nilimwambia baba ashuke kwangu. Nilikuwa na dishi, peke yangu mtaa mzima, na sifichi, nilikuwa naringa nalo.

Baba alitoka ibadani moja kwa moja, na koti lake la kanisani. Nikamkalisha karibu na kioo mpaka magoti yakakigusa. Wakimbiaji wamejipanga, bunduki haijalia, kioo kikawa cheusi na maandishi kwamba kipindi hiki hakipatikani nchini kwenu. Nikapiga simu kwenye kampuni ya dishi. Dada akanijibu kwa upole kwamba eneo letu halimo, nipige tena Jumatatu. Mbio ni sasa hivi, yeye ananiambia Jumatatu!

Baba akasema taratibu, "Twende kwa yule mama ng'ambo ya barabara, ana antena."

Nilicheka. Yule mama wa Moshi alikuwa na televisheni ya zamani ya chogo dukani, na stesheni pekee iliyonaswa na antena yake saa hizo mimi niliijua kwa kwaya na hotuba tu. Nikapanda juu ya bati, nikakaa huko zaidi ya saa mbili nikigeuza dishi ambalo halikuwa na kosa lolote. Niko huko juu, nikasikia dukani kwake watu wanapiga kelele, wanataja jina la mdogo wangu. Kumbe haki za kuonyesha mbio hizo nchini kwetu ilipewa stesheni hiyo hiyo niliyoidharau, ndiyo maana kwangu kulifungwa. Nilipomshika baba mkono na kumvusha barabara, mbio zilishaisha na walishaweka kwaya.

Mdogo wangu alirudi na mkanda wa video wa zile mbio, lakini baba alikuwa haoni tena. Akamuuliza kama alimwona. Kabla sijafungua mdomo, baba akajibu, "Nilikuona, mwanangu. Kaka yako aliniweka mbele kabisa."

Baba amekufa na uongo huo kwa ajili yangu. Sasa mwezi ujao mdogo wangu anafanya ibada ya shukrani, na anataka nisimame madhabahuni nisimulie jinsi baba alivyofurahi siku ile. Anasema hilo kwake ni kubwa kuliko medali. Nikisimulia, namdanganya mbele za Mungu. Nikisema kweli, namfanya marehemu baba mwongo na mdogo wangu namnyang'anya alichobaki nacho. Kampuni ya dishi wala haijui kama tulikuwepo.

Nishaurini ndugu zangu, siku hiyo nikisimama niseme nini?