Mchanga Uliotaka Kumzika Musyoka

Kavinya haingii mahali bila kubisha. Hata kompyuta huipigia hodi. Kila asubuhi akifika ofisini Industrial Area, viatu vikiwa na vumbi la njia ya mkato ya Mukuru kwa Njenga, huketi, hunong'ona "Hodi," kisha hutuma ombi kwenye API. Huo ni mlango wa mtandaoni ambao mfumo wa kampuni hutolea rekodi za vifaa vilivyotumika katika kila mjengo. Simiti, nondo, mchanga, vyote hurudi katika jedwali moja.

Jumanne moja jedwali lilileta balaa. Ukuta wa ua anaousimamia fundi Musyoka kule Tassia ulikuwa umemeza tani mia nne za mchanga.

Magan, mwenye kampuni, alivua miwani. "Huyu anajenga ukuta ama anafungua jangwa? Mwite. Na lori lake la mchanga wa leo lisitoke."

Musyoka aliingia akipangusa plasta mikononi. "Niaje, dada Kavinya? Nasikia nimekula mchanga."

"Tani mia nne, fundi."

"Na tumbo lenyewe ni hili!" Akalipigapiga. Magan hakucheka.

"Ukitoka, acha funguo za stoo hapa. Nitatafuta msimamizi mwingine."

Mzaha ukamwisha Musyoka. Akaziweka funguo mezani taratibu. Kavinya alizitazama, akauliza, "Fundi, kwani nyinyi hupima mchanga kwa kipimo gani?"

"Wa plasta ni kwa karai, dada. Ulitaka nipime kwa kijiko?"

Kavinya akakumbuka. Katika ombi lake la asubuhi alikuwa ameomba jina la kifaa na kiasi tu. Kipimo alikiacha ili jedwali lisijae, kisha yeye mwenyewe akaandika "tani" juu ya safu nzima.

Akageukia kompyuta. "Hodi tena," akanong'ona, safari hii akaomba na kipimo. Mijengo mingine yote ilijibu tani. Wa Musyoka ulijibu karai.

"Bosi, kosa ni langu. Sikuuliza kipimo."

Magan alivaa miwani, akasoma, akalitazama tumbo la Musyoka. "Karai mia nne? Hizo hazijazi hata lori moja."

"Na lori la leo umelifungia, bosi. Mafundi wangu wamekaa tu."

"Chukua funguo zako. Lori litoke."

Mlangoni Musyoka aligeuka. "Dada, mchanga huu wa leo nikuandikie kwa karai ama kwa kijiko?"

"Andika unavyopenda, fundi. Mimi nitauliza."